Gesi ya mbaazi si upepo uliomezwa
Msimu wa mbaazi ukifika, Nachingwea hadi Masasi utasikia ushauri uleule: kula taratibu, usimeze upepo, tumbo halitajaa. Kumeza hewa kupo, ila sehemu kubwa hurudi kwa kucheua. Gesi ya mbaazi hutengenezwa humo humo ndani.

Mbaazi zina sukari za jamii ya rafinosi, na mwili wetu hauna kimeng'enya cha kuzivunja. Hufika utumbo mpana zikiwa nzima, bakteria wakazichachusha. Kwa wengi wao oksijeni ni sumu. Uhai usiohitaji oksijeni ulielezwa na Louis Pasteur mwaka 1861, lakini bado tunaambiana kila kiumbe lazima avute hewa.

Uchachushaji huo hutoa haidrojeni na kabonidioksaidi, na hapa ndipo penye utamu: hizo si taka tu. Bakteria aina ya bakteroidesi huhitaji kabonidioksaidi ili wakue vizuri. Huitumia kutengeneza asidi ya suksiniki. Haidrojeni nayo ikirundikana, uchachushaji huzorota. Bahati nzuri wapo vijidudu wanaoila: molekuli 4 za haidrojeni na 1 ya kabonidioksaidi huwa 1 ya methani, pamoja na maji. Molekuli tano za gesi zimekuwa moja!

Harufu? Gesi hizo tatu hazinuki. Ni misombo ya salfa, tena kidogo mno.

Kuloweka mbaazi usiku kucha na kumwaga maji hupunguza sukari hizo, ingawa kule Newala maji si ya kumwaga hovyo.