Kuacha Kazi Marekani Bila Notisi: Mshahara wa Mwisho Bado Ni Wako

Wateja wangu, wengi wao wakiwa Wakongomani na Warundi wanaofanya kazi katika viwanda vya nyama na maghala ya Marekani, wanaendelea kuamini kwamba anayeacha kazi bila kutoa notisi ya wiki mbili hupoteza mshahara wake wa mwisho. Si kweli, na inaniuma kuona mtu akisamehe jasho lake kwa sababu tu msimamizi alimtisha.

Isipokuwa Montana, majimbo yote yanafuata kanuni kwamba ajira isiyo na mkataba wa muda maalumu inaweza kuvunjwa na upande wowote, wakati wowote. Hakuna sheria ya shirikisho inayodai wiki mbili. Hiyo ni desturi. Mteja huniletea kijitabu cha kampuni akiwa amepigia mstari neno notisi, nami humfungulia kurasa za mwanzo, ambako mara nyingi kampuni yenyewe imeandika kuwa kijitabu hicho si mkataba. Kampuni inaweza kukataa kukuajiri tena, na katika majimbo mengi sera yake ndiyo huamua kama utalipwa likizo ambayo hukuitumia. Lakini saa ulizokwisha kufanya kazi, zikiwemo za ziada, lazima zilipwe. Kinachotofautiana ni tarehe: California humpa mwajiri saa 72 ukiondoka ghafla, na akichelewesha kwa makusudi hudaiwa ujira wa kila siku hadi siku 30, ilhali Texas humruhusu kusubiri siku ya kawaida ya malipo inayofuata. Kwa hiyo nawasihi: andikeni saa zenu kila jioni katika daftari lenu wenyewe, na mtumieni mwajiri barua ya kuacha kazi yenye tarehe.

Bima ya afya nayo si lazima ikatike: katika kampuni yenye wafanyakazi 20 au zaidi, sheria ya COBRA hukuruhusu kuiendeleza hadi miezi 18, ingawa gharama yote utaibeba wewe. Msitegemee, hata hivyo, mafao ya kukosa kazi, kwani anayejiuzulu bila sababu inayokubalika na jimbo lake kwa kawaida hunyimwa.

Tena, kuondoka hakufuti malalamiko ya ubaguzi. Kwa kawaida una siku 180 za kuyapeleka kwenye tume ya shirikisho, EEOC, au 300 pale jimbo lenye chombo chake cha kushughulikia ubaguzi kazini linapohusika, zikihesabiwa tangu ubaguzi ulipotendeka.