Viwashio vya Msituni: Dhana Potofu na Ukweli

Dhana: Kijiti chochote kilichoanguka kimekwisha kukauka.

Ukweli: Kijiti kilicholala chini huendelea kunyonya unyevu wa udongo hata kama upande wake wa juu umepauka kwa jua. Vinavyofaa zaidi ni vile vilivyokufa vikabaki vimesimama, au vilivyonasa kwenye matawi, mahali ambapo upepo huvipitia na maji ya mvua hayatuami. Rangi hudanganya, kwa hiyo kivunje: kijiti kikavu hukatika mara moja kwa mlio mkali, ilhali chenye maji hupinda na kuchanika nyuzinyuzi, na kilichooza humong'onyoka kimya. Ukiwa bado na shaka, kiguse mdomoni. Chenye unyevu huhisiwa baridi.

Dhana: Mvua ikinyesha, hakuna kuni za kuwasha.

Ukweli: Mara nyingi mvua hulowesha gome na tabaka la nje tu la mti mfu uliosimama. Pasua kipande chenye unene wa mkono, na kiini chake aghalabu utakikuta kikavu. Kutokana na kiini hicho chonga ufito, kisha uparuze kwa kisu kikali kuelekea ncha bila kukata hadi mwisho, ili maganda yajikunje na kubaki yameshikamana nao. Yakiwa membamba kiasi cha kupitisha mwanga, njiti moja ya kiberiti huyatosha. Kazi hii inataka subira, na naamini hapo ndipo wengi hushindwa, si kwenye mvua yenyewe. Gome la betula, mti wa nchi za baridi, lenye mafuta ya asili, na kiini cha msonobari kilichojaa utomvu huwaka hata vikiwa vimelowa.

Dhana: Majani yaliyopukutika ndiyo kiwashio bora.

Ukweli: Hulala yamebanana, hewa haipiti, nayo huishia kufuka moshi. Afadhali nyasi zilizokauka zikiwa zimesimama, au nyuzi za ndani za gome lililokufa, zikifikichwa kati ya viganja mpaka zilainike na kutoa unga. Kinga unga huo na uurudishe katikati ya kifungu cha nyasi au nyuzi hizo, kwa maana ndio unaonasa cheche kwanza.

Dhana: Moto ukisinzia, ongeza kuni kubwa.

Ukweli: Kuni huwaka baada ya joto kutoa gesi ndani yake, na kipande kinene huchelewa kufikia joto hilo. Kabla ya kuwasha, kusanya vijiti vya unene wa njiti ya kiberiti, vya penseli na vya kidole gumba, kila aina kwa wingi.

Dhana: Kubandua gome la mti hai hakudhuru.

Ukweli: Gome likiondolewa kuuzunguka mti mzima, njia ya chakula kutoka majani hadi mizizi hukatika na mti hufa. Chukua gome la mti uliokwisha kufa, na usiwashe mmea usioujua, kwani moshi wa baadhi yake, kama oleanda (kichaka cha maua kinachopandwa bustanini), una sumu.