Chakula cha barabarani Thailand: tunayosimuliwa na tunayoyakuta

Mtu akirudi kutoka Bangkok, lazima aulizwe: "Ulikula kwa yule bibi wa miwani?" Bibi huyo ni Supinya Junsuta, maarufu kama Jay Fai, anayekaangia kwenye mkaa huku amevaa miwani mikubwa ya kukinga macho na mafuta. Mwishoni mwa 2017, toleo la kwanza la mwongozo wa migahawa wa Michelin wa Bangkok lilipotoka, alipewa nyota. Tangu hapo, simulizi za chakula cha barabarani cha Thailand zimetiwa chumvi kuliko supu zenyewe.

"Kwa kuwa ni cha barabarani, hata chenye nyota ni bei ya chee."
Kimanda cha Jay Fai, kinene na kimeshindiliwa nyama ya kaa, ni zaidi ya baht 1,000, fedha ya Thailand. Sahani ya tambi kwa mchuuzi wa kawaida ni baht 50 au 60 hivi. Tena pale si kwenye mkokoteni, ni chumba cha duka kilicho wazi upande wa Barabara ya Maha Chai, na watu huandikisha majina mapema kisha wakasubiri kwa saa kadhaa. Binafsi sioni sababu ya kumaliza siku nzima ya safari kwenye foleni moja. Mwongozo huohuo una alama nyingine, Bib Gourmand, kwa chakula kizuri cha bei ya wastani, na humo ndimo walimo wapika tambi na supu wengi.

"Ni pilipili tupu."
Hii ndiyo imeshika mizizi kuliko zote. Pilipili kali haikuwa ya kwao hata kidogo. Ilitoka bara la Amerika, na inaaminika Wareno ndio walioifikisha Thailand katika karne ya 16, kama walivyotuletea sisi mahindi. Kabla yake ukali ulitoka kwenye pilipili manga, ambayo mpaka leo Wathai huiita *phrik thai*, yaani pilipili ya Kithai. Sisi tunasema ni ya Manga, wao wanasema ni yao.

Simama kwa muuza *som tam*, saladi ya papai bichi, umtazame. Anaanza na kitunguu saumu na pilipili kwenye kinu, halafu sukari ya mnazi, maharage marefu, nyanya, ndimu, na mchuzi wa samaki. Papai lililokatwa nyuzinyuzi huingia mwishoni. Mkono mmoja unatwanga polepole, mwingine unageuza kwa kijiko, ili papai linyonye mchuzi bila kupondeka. Kabla ya yote hayo huenda akakuuliza unataka pilipili ngapi, na hapo anataka idadi. Sema moja. Ukitaka pasiwe na ukali, sema *mai phet*. Kwenye meza za tambi kuna vikopo vinne: sukari, pilipili kavu ya kusaga, siki yenye pilipili, na mchuzi wa samaki. Bakuli linaletwa halijakolezwa sana, kila mtu amalizie mwenyewe.

"Utaharisha tu."
Inategemea umekula nini. Kinachotoka kwenye karai la moto mbele ya macho yako hakitishi kama kilicholala kwenye sinia tangu asubuhi. Barafu zenye tundu katikati nazo hazitishi sana, maana hutengenezwa kiwandani. Mimi ninachokikwepa ni *som tam* yenye kaa wabichi waliotiwa chumvi, hata nikisifiwa vipi.

"Muislamu atashinda njaa."
Nguruwe yupo kila kona, hilo si uongo, na hata supu inayoonekana ya kuku huweza kuwa imechemshwa na mifupa ya nguruwe. Lakini Thailand ina Waislamu wengi, hasa kusini, na Bangkok nayo ina misikiti yenye wapishi jirani. Tafuta maandishi ya halali, kisha uagize *khao mok kai*: wali wa manjano wenye kuku aliyefukiwa ndani. Mla biriani hahitaji kuelezwa undugu wao. Asiyekula nyama kabisa aangalie bendera za njano zenye neno *jay*, yaani chakula kisicho na nyama, kwa rangi nyekundu, maana mboga za kawaida hutiwa mchuzi wa samaki bila kuulizwa.

"Wanakula kwa vijiti."
Vijiti ni vya tambi. Wali huliwa kwa kijiko, uma kazi yake ni kusukumia. Wali wa kunata wa Isan, kaskazini-mashariki, humegwa kwa vidole, ukafinyangwa na kuchovywa. Aliyelelewa kwa ugali hapo hafundishwi.

"Pad thai ni urithi wa kale."
Ni tambi za kukaanga, na tambi na ukaangaji vyote vina asili ya Kichina. Chakula chenyewe kilivuma enzi za Waziri Mkuu Phibunsongkhram, aliyebadili jina la nchi kutoka Siam mwaka 1939 na kukipigia debe kama chakula cha taifa.

Wadudu? Wanaliwa kweli, hasa Isan, na mtu wa Bukoba aliyezoea senene hatashangaa. Wale nge wa mishikaki wa Khao San, mtaa wa watalii Bangkok, hata hivyo, wako pale kwa ajili ya kamera za wageni. Na ukipanga usiku mmoja tu wa Yaowarat, mtaa wa Wachina, usiwe wa Jumatatu: wachuuzi wengi hupumzika.