Jasho la usiku baada ya upasuaji: pima joto kwanza

Mgonjwa huruhusiwa kutoka wodini na maelezo ya mshono, ya dawa na ya siku ya kurudi kliniki. Habari ya jasho mara nyingi haambiwi. Usiku wa pili au wa tatu anashtuka usingizini, shuka limelowa chapachapa, nguo imemganda mgongoni, na hofu inamwambia mambo yameharibika.

Mara nyingi hayajaharibika. Mwili uliopasuliwa hutoa kemikali zinazoufanya ubongo upandishe joto kwa muda, na joto hilo linapoteremka, njia yake ni jasho. Ndiyo maana wengine hulowa muda mfupi baada ya kumeza parasetamoli: homa inashuka. Dawa kali za maumivu, kama mofini na tramadoli, huleta jasho hata pasipo homa, na kuziacha ghafla baada ya kuzizoea huleta vilevile. Usizikatishe mwenyewe, mwambie daktari. Mwanamke aliyetolewa ovari zote mbili kabla ya kukoma hedhi ana sababu yake nyingine: homoni zimekatika kwa mkupuo, na joto la ghafla linaweza kumwanza ndani ya siku chache. Lina matibabu, basi asilivumilie kimyakimya.

Mwenye kisukari anayetumia insulini, akiamka na jasho la baridi huku anatetemeka, apime sukari kabla ya jambo lolote. Baada ya upasuaji hamu ya kula hupungua, na dozi ikibaki ileile sukari hushuka. Kama kipimo hakipo karibu, anywe kitu kitamu papo hapo.

Kuhusu kulala: shuka na nguo za pamba, mablanketi mepesi mawili badala ya moja zito, taulo chini ya mgongo, nguo kavu kando ya kitanda ili usilazimike kuinuka gizani na mshono mbichi. Kunywa maji ya kutosha, isipokuwa kama daktari amekuwekea kiwango kwa sababu ya moyo au figo. Ila mimi shuka halinisumbui sana; kinachonisumbua ni bendeji. Ikilowa jasho, ngozi chini yake hulainika na vijidudu hupata makao. Ibadilishwe jinsi ulivyoelekezwa, kwa mikono iliyonawiwa, na poda usiipake karibu na kidonda hata kama inakupa nafuu.

Nunua kipimajoto. Pima kabla ya kumeza parasetamoli, kwa sababu ikishakolea itakuficha homa, kisha andika namba na saa. Nyuzi 38 au zaidi, wapigie waliokufanyia upasuaji. Wapigie pia kidonda kikizidi kuwa chekundu, kikitoa usaha au harufu, au maumivu yakipanda siku ambazo yangepaswa kupungua. Maambukizi ya kidonda yanaweza kujitokeza hadi siku ya 30, kwa hiyo wiki moja ya amani isikulaze. Kifua kikibana, pumzi ikikata, au mguu mmoja ukivimba na kuuma, usingoje kuche: huenda ni damu iliyoganda.

Na jasho linaloendelea kwa wiki kadhaa huku unakonda na kukohoa, usiusingizie upasuaji. Omba upimwe kifua kikuu.