Je, kifaa cha kuonea usiku hugeuza giza kuwa mchana?

Wengi huamini kwamba aliyezoea kulenga shabaha kwa bunduki mchana hahitaji mafunzo mengine ya usiku, mradi tu awe na kifaa cha kuonea gizani. Lakini kifaa hicho hakigeuzi giza kuwa mchana: kwa kawaida hukuza tu mwanga hafifu uliopo, wa nyota au mwezi. Tena upana wa kinachoonekana mara nyingi ni pembe ya nyuzi 40 hivi tu, na umbali huwa mgumu kukadiria, ndiyo maana ulengaji wa usiku hufundishwa upya, kuanzia kuitambua shabaha na kilicho nyuma yake. Hata jicho tupu lina kanuni zake, na hili mtu yeyote anaweza kulihakiki: kaa gizani dakika 30, kisha ikazie macho nyota hafifu, nayo itafifia; tazama pembeni kidogo, itarudi.