Namba zinazogeuka na gari linalojazwa maji

Ukiona gari la jasusi kwenye filamu likirusha risasi, likikata kona kwa kuteleza, kisha likizama baharini, ujue hayo ni magari kadhaa yenye sura moja. Kwa filamu ya James Bond iliyotoka 2021 zilitengenezwa nakala 8 za Aston Martin DB5 zenye bodi ya kaboni faiba, za kukimbizwa na kugongwa. DB5 halisi zikabaki za kupigwa picha kwa karibu. Sisi mafundi tunaishikilia kanuni hiyo: gari moja, kazi moja. Ukilibebesha vifaa vyote, uzito unalemea breki na vifaa vinagombania betri.

Kifaa ninachokipenda kuliko vyote ni namba za gari zinazogeuka. Tengeneza boksi la pande tatu, kila upande na namba yake, uliendeshe kwa mota ya waipa ya volti 12. Ndani ya mota hiyo kuna swichi inayoisimamisha palepale kila inapomaliza mzunguko. Ndiyo inayolaza waipa chini ya kioo. Funga gia ya meno 12 kwenye mota na ya meno 36 kwenye boksi, uziunganishe kwa mnyororo. Mota ikizunguka mara moja, boksi linageuka digrii 120 kamili, na namba ya pili imekaa. Ubaya ni mnyororo kulegea: jino moja la gia kubwa likirukwa, namba inainama digrii 10, na kamera inaiona. Weka kikaza mnyororo. Pima nafasi kwenye kona za boksi, maana kona ndizo zinazokwaruza bampa.

Bunduki za DB5 ya filamu ya Bond ya 1964 zilikuwa mirija myembamba ya chuma iliyowashwa gesi ya asetilini.

Majini hesabu ni nyingine. Meta moja ya ujazo ya hewa huinua karibu tani nzima, kwa hiyo gari lenye kabini kavu litaelea tu. Lotus Esprit ya filamu ya Bond ya 1977, iliyoundwa Florida kwa kazi ya chini ya maji, iliachwa ijae maji, na waendeshaji wakavaa mitungi ya hewa. Vinavyobaki vikavu ni betri na mota, na maji hupenyea kwanza pale shafti ya propela inapotoka kwenye kasha. Jaza kasha la mota mafuta yasiyopitisha umeme, uunganishe na mfuko laini wa mpira: maji yakiubana mfuko, shinikizo la ndani linalingana na la nje, na sili, yaani kizuizi cha maji kwenye shafti, haisukumwi.