Bastola ya vita uliyorithi: yanayosemwa na yaliyogongwa kwenye chuma

"Imekaa kabatini miaka yote hii, haiwezi kuwa na risasi." Hakuna dhana ya hatari kuliko hii, maana risasi iliyohifadhiwa pakavu huweza kulipuka hata baada ya miongo kadhaa. Elekeza mtutu pasipo na mtu, kidole mbali na kifyatulio. Toa magazini (kasha la risasi) kwanza, ndipo uvute nyuma slaidi (sehemu ya juu inayoteleza; kwenye Luger ni kiwiko cha juu), uchungulie chemba (tundu risasi inapokaa tayari kufyatuliwa) na kuipapasa kwa kidole. Ukivuta slaidi magazini ikiwa ndani, risasi moja hutoka na nyingine huingia chemba. Luger P08, bastola ya Kijerumani, ina kibamba juu chenye neno GELADEN ("ina risasi") ubavuni. Kikiinuka, chemba ina risasi. Walther P38, nayo ya Kijerumani, ikiwa na risasi huchomoza kijiti juu ya nyundo. Hata alama hizo zikisema tupu, papasa. Kama hujawahi kushika silaha, usijaribu. Mwite mtaalamu mwenye leseni.

Wengine hudai kitu cha zamani hakihitaji kibali. Nchi nyingi huihesabu bastola ya Vita Kuu ya Pili kuwa silaha kamili, kwa hiyo piga simu polisi kabla ya kuitoa nyumbani.

"Namba ya silaha inatosha kuitambua." Haitoshi. Namba za Luger zilianza upya kila mwaka, na kila zilipofika 10,000 ziliongezewa herufi, hivyo namba moja inaweza kuwa kwenye bastola kadhaa. Soma pia mwaka ulio juu ya chemba na alama ya kiwanda: S/42, 42 na byf kwenye Luger ni Mauser, kwenye P38, ac ni Walther na cyq ni Spreewerk. Nambu Aina ya 14 ya Japani yenye 18.6 haikutengenezwa 1918. Hiyo ni miaka ya utawala wa Hirohito, mfalme wa Japani: jumlisha 1925, upate Juni 1943.

Tai mwenye herufi N chini yake huuzwa kama alama ya Wanazi au ya jeshi la majini. Ni alama ya kiraia ya kupima mtutu kwa baruti isiyo na moshi. Ukaguzi wa jeshi huwa na tai mdogo, aghalabu na WaA (ofisi ya silaha ya jeshi la Ujerumani) na namba.

Kuhusu M1911A1, bastola ya jeshi la Marekani, watu huona "Singer", ile kampuni ya cherehani, wakadhani wamepata utajiri. Singer ilitengeneza 500 tu, lakini jina liko kwenye slaidi, na slaidi hubadilishwa au kughushiwa. Linganisha na namba iliyo kwenye fremu, yaani kiunzi cha bastola chini ya slaidi.

Kosa linalogharimu zaidi ni kuing'arisha. Wanunuzi hulipia rangi ya kiwandani hata ikiwa imechakaa. Msasa na rangi mpya huondoa thamani isiyorudi. Iliyosuguliwa hujitambulisha: kingo za herufi zimelainika, matundu yamekuwa kama visahani, na kwenye Luger za kabla ya 1937 kifyatulio kilichopaswa kuwa na rangi ya nyasi kavu ni cheusi. Tumia kitambaa laini chenye mafuta kidogo ya silaha, basi. Usiirudishe kwenye mkoba wake wa ngozi, kwani ngozi hushika unyevu na kuleta kutu, lakini usiutupe mkoba: una bei yake.

Hadithi ya babu kumpokonya jenerali haiongezi bei. Karatasi ya jeshi ya kuruhusu askari kurudi nayo nyumbani, yenye namba ileile, huongeza. Kisha angalia bei zilizolipwa mnadani, si zilizotajwa na wauzaji, kwa bastola ya kiwanda na mwaka uleule ambayo namba ndogo za vipuri vyake zinalingana, magazini ikiwemo.